Bilauri ya Maji ya Ndimu: Ukali Si Dawa ya Kila Kitu

Mtu apitaye katika bustani ya Forodhani, Mjini Unguja, wakati wa jioni, hawezi kukosa kumwona muuza maji ya miwa akiupitisha muwa katika mashine yake. Pamoja na muwa hutia kipande cha tangawizi na ndimu, na vyote vikakamuliwa kwa pamoja. Majumbani nako, mgeni abishapo hodi wakati wa jua kali, mara nyingi hutangulizwa bilauri ya maji ya ndimu yenye sukari na barafu. Ni kinywaji rahisi, na hakuna atakayedai kwamba kinahitaji elimu ya chuo kikuu kukitengeneza.

Hata hivyo, ukimwuliza mtengenezaji kwa nini ametia ndimu, aghalabu utapata majibu mawili. La kwanza ni kwamba ndimu huleta ladha. La pili ni kwamba ndimu huua vijidudu, na kwa hiyo maji yaliyotiwa ndimu hayawezi kumdhuru mtu. Jibu la kwanza halina ubishi. Jibu la pili lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wenye mipaka, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kuingia hatarini.

Makala hii inakusudia kueleza namna ya kutengeneza kinywaji cha ndimu nyumbani kwa njia iliyo salama, na kuonyesha sayansi iliyomo katika kila hatua. Katika kufanya hivyo tutaona kwamba ukali wa ndimu, ambao ndio jambo la kwanza kutambuliwa na ulimi, umewahi kupewa sifa ya kazi zisizokuwa zake, na kwamba kosa hilo limeleta maradhi baharini na linaweza kuyaleta nchi kavu.

NDIMU NA VILIVYOMO NDANI YAKE

Ndimu ni tunda la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Citrus aurantiifolia. Ni ndugu wa mlimau, mchungwa na mdanzi. Ukiikata ndimu utaona sehemu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni ganda, lenye vifuko vidogo sana vya mafuta yenye harufu; mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo limonene pamoja na nyingine za jamaa yake. Ya pili ni nyama yenye maji.

Maji ya ndimu yana asidi sitriki kiasi cha gramu 5 hadi 6 katika kila mililita 100. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliitenga asidi hiyo kutoka katika maji ya limau mwaka 1784. Kwa sababu yake, kipimo cha pH cha maji ya ndimu huwa kati ya 2 na 3. Mwanafunzi atakumbuka kwamba maji safi yana pH ya 7, na kwamba kila kipimo kinaposhuka kwa namba moja, wingi wa ioni za haidrojeni huongezeka mara kumi.

Kimo pia kitu kingine kisichoonekana wala kuonjeka kwa kiasi kilichomo, nacho ni vitamini C, ambayo jina lake la kikemia ni asidi askobiki. Maji ya ndimu yana vitamini hiyo kiasi cha miligramu 30 tu katika mililita 100. Ukilinganisha na gramu 5 za asidi sitriki, utaona kwamba vitamini C ni kidogo sana, chini ya sehemu moja katika mia moja ya asidi yote. Kwa hiyo ukali tunaouonja ni wa asidi sitriki. Jambo hilo dogo ndilo lililowababaisha madaktari kwa zaidi ya miaka mia moja.

MABAHARIA NA UGONJWA WA KISEYEYE

Katika zama za merikebu za matanga, mabaharia waliokaa baharini miezi mingi bila ya kula matunda wala mboga mbichi walipatwa na kiseyeye. Fizi zao zilivimba na kutoka damu, meno yakalegea, makovu ya zamani yakafumuka, na wengi wakafa.

Mwezi Mei mwaka 1747, James Lind, daktari wa manuwari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, alifanya jaribio ambalo hadi leo husomeshwa kama mfano wa uchunguzi mzuri. Alichukua wagonjwa 12 waliokuwa na hali za kufanana, akawalaza mahali pamoja na kuwapa chakula cha namna moja. Kisha akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa dawa yake: kinywaji cha matofaa kilichochachuka, asidi salfuriki iliyozimuliwa kwa maji, siki, maji ya bahari, mchanganyiko wa vitunguu saumu na viungo vingine, na machungwa mawili pamoja na limau moja kila siku. Waliopewa machungwa na limau walipata nafuu upesi, hata mmoja wao akawa tayari kurudi kazini baada ya siku sita.

Tuyatazame matokeo hayo kwa makini. Asidi salfuriki ni kali kuliko limau, na siki nayo ni kali. Lakini waliopewa vitu hivyo hawakupona. Kama ukali ndio ungekuwa dawa, nao wangalipona. Jaribio la Lind, kwa hiyo, lilikuwa tayari limeonyesha kwamba kinachoponya kiseyeye si ukali. Lakini wengi waliokuja baadaye hawakulisoma hivyo.

Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilianza kugawa maji ya limau rasmi mwaka 1795, na kiseyeye kikapungua sana. Katikati ya karne ya kumi na tisa, likabadilisha na kutumia maji ya ndimu kutoka visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya utawala wake. Kwa aliyedhani kwamba dawa ni ukali, badiliko hilo halikuwa na hatari. Ndimu ni kali kama limau, au hata zaidi. Mwaka 1867 sheria ikazilazimisha merikebu za biashara za Uingereza nazo kuwapa mabaharia wao maji ya ndimu au ya limau. Manuwari zilizotia nanga katika bandari ya Unguja wakati huo, ikiwamo HMS London iliyokuwa kituo cha mashua zilizofukuza majahazi ya watumwa katika miaka ya 1870, zilikuwa chini ya utaratibu wa namna hiyo hiyo.

Mwaka 1875 msafara ulioongozwa na George Nares uliondoka Uingereza kuelekea Ncha ya Kaskazini ukiwa na akiba ya maji ya ndimu. Kiseyeye kikawashambulia watu wengi, na msafara ukarudi kabla ya wakati wake mwaka 1876. Tume iliyochunguza mkasa huo ililaumu kwamba vikosi vilivyotembea juu ya barafu havikuchukua maji ya ndimu. Haikushuku maji yenyewe. Ilikuwa lazima kungoja hadi mwaka 1918, Harriette Chick na wenzake huko London walipopima na kuona kwamba maji mabichi ya ndimu yana nguvu ya kuzuia kiseyeye kiasi cha robo tu ya ile ya maji ya limau, na kwamba maji ya ndimu yaliyohifadhiwa kwa muda mrefu karibu hayana faida. Baadaye Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, aliitenga kemikali ambayo mwaka 1932 ilithibitishwa kuwa ndiyo vitamini C, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sababu ya kupotea kwa nguvu hiyo tunaijua leo. Vitamini C huharibiwa na oksijeni ya hewani, na uharibifu huo huharakishwa na joto, mwanga, na hata chembe kidogo za shaba. Asidi sitriki haiharibiki kwa njia hiyo. Maji ya ndimu yaliyokaa miezi sita katika pipa yataukunjisha uso wa mnywaji kama siku ya kwanza, lakini vitamini yake itakuwa imekwisha. Ulimi hauwezi kulitambua jambo hilo.

NDIMU NA JINI

Tukiwa bado baharini, inafaa kueleza habari ya kinywaji kimoja kilichotokana na maji hayo. Hapo zamani, ili maji ya ndimu yasioze, yalichanganywa na pombe kali. Mwaka 1867, Lauchlan Rose wa mji wa Leith, Uskoti, alipata hataza ya njia ya kuyahifadhi bila ya pombe, na maji hayo yaliyotiwa sukari yakauzwa duniani kote katika chupa. Kisha watu wakayarudishia pombe kwa hiari yao: wakayachanganya na jini, na mchanganyiko huo, uitwao gimlet, ukawa miongoni mwa vinywaji mashuhuri vya mabaa ya Ulaya na Marekani.

Jini ni pombe iliyokenekwa na kutiwa harufu ya matunda ya mti wa juniperi pamoja na viungo vingine, kama vile mbegu za giligilani na maganda ya malimau. Hapa pana somo la kemia. Mafuta yenye harufu hayayeyuki katika maji, kwa sababu molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyasukuma mafuta nje. Molekuli ya pombe ina upande mmoja unaopatana na maji na upande mwingine unaopatana na mafuta. Ndiyo maana pombe huweza kubeba harufu za viungo. Katika kinywaji hicho, jini huleta harufu, ndimu huleta ukali, sukari huupoza ukali huo, na barafu huleta ubaridi.

Unguja, ambako wakazi wengi ni Waislamu, kinywaji cha nyumbani ni kile kisicho na jini. Mtengenezaji wake basi anakabiliwa na swali la kweli: kama hakuna pombe, harufu ya ganda itaingiaje katika maji? Jibu tutalipata hapo mbele. Kwanza tuzungumze juu ya maji yenyewe.

NDIMU NA KIPINDUPINDU

Mwaka 1869 na 1870 mji wa Unguja ulipatwa na kipindupindu kilichoua watu wengi sana. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwapo mjini, aliandika habari za ugonjwa huo katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1876. Katika miaka ya utawala wake, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka upande wa Bububu. Katika miaka ya 1883 na 1884 Robert Koch wa Ujerumani, akifanya kazi Misri na Bara Hindi, alimtambulisha bakteria anayeleta ugonjwa huo. Hata hivyo ugonjwa haukutoweka. Mwaka 2015 na 2016 ulienea tena Tanzania Bara na Zanzibar.

Je, ndimu inaweza kumwua bakteria wa kipindupindu? Ndiyo, inaweza. Bakteria huyu haipendi asidi, na hufa upesi pH inapokuwa chini sana. Uchunguzi uliofanywa Guinea-Bissau katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watu waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wao walipatwa na kipindupindu kwa uchache kuliko wasiotia. Kwa hiyo wazee wetu waliosifu ndimu hawakusema uongo.

Lakini tusiishie hapo. Kwanza, vijidudu si wa namna moja. Virusi wa homa ya ini ya aina A huvumilia asidi, na vivyo hivyo mayai ya minyoo na amiba waliojifungia katika maganda yao. Pili, nguvu ya ndimu hutegemea kiasi chake na muda inaoachwa kufanya kazi. Tatu, na hili ni la kwetu hasa, hutegemea maji yenyewe.

Kisiwa cha Unguja kwa sehemu kubwa kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Maji ya mvua yanapopita katika mawe hayo huyeyusha chokaa kidogo na kupata bikaboneti ya kalsiamu. Hayo ndiyo maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Bikaboneti hupambana na asidi na kuimaliza nguvu:

asidi + bikaboneti → chumvi ya asidi + maji + kaboni dioksidi

Tufanye hesabu. Tuseme mtu anatia kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, yaani mililita 5, katika lita moja ya maji ya kisima. Ndani ya kijiko hicho mna gramu 0.3 za asidi sitriki. Moli moja ya asidi hiyo ina gramu 192, kwa hiyo tumetia moli 0.0016. Kila molekuli inaweza kutoa ioni tatu za haidrojeni, hivyo jumla ni moli 0.0047. Sasa, ikiwa maji hayo yana miligramu 300 za bikaboneti katika lita, na moli moja ya bikaboneti ni gramu 61, basi mna moli 0.0049 za bikaboneti. Bikaboneti imeizidi asidi. Maji yatanukia ndimu, lakini asidi yote itakuwa imekwisha kazi, na vijidudu watakuwa salama kama walivyokuwa kabla.

Mtu anayetegemea harufu ya ndimu kuwa ni dalili ya usalama, basi, anafanya kosa lile lile la Jeshi la Wanamaji. Maji ya kunywa hayana budi kuchemshwa. Yakitokota sawasawa kwa dakika moja, vijidudu vyote vya maradhi tulivyovitaja hufa. Tena kuna faida ya pili: kuchemsha huivunja bikaboneti ya kalsiamu na kuifanya chokaa, ambayo hutua chini. Maji yaliyochemshwa na kuchujwa huhitaji ndimu kidogo zaidi ili kupata ukali ule ule.

KUTENGENEZA KINYWAJI

Kwa bilauri moja kubwa tayarisha vitu vifuatavyo: ndimu moja au mbili zitakazotoa vijiko viwili vya chakula vya maji (mililita 30), sukari vijiko vinne au vitano vya chai, maji yaliyochemshwa na kupoa mililita 150, na barafu gramu 60, yaani vipande vitatu au vinne vya kawaida. Kisha fuata hatua hizi.

1. Nawa mikono, kisha osha ndimu kwa maji safi na kisu kwa sabuni. Kisu hupitisha ndani ya tunda uchafu uliokuwa juu ya ganda.

2. Paruza ganda la kijani la nusu ya ndimu, bila ya kufika kwenye nyeupe ambayo ni chungu, ukalisugue pamoja na sukari kwa mgongo wa kijiko. Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Chembe za sukari zina ncha kali. Hupasua vifuko vya mafuta, na mafuta hutapakaa juu ya chembe hizo kama utando mwembamba. Sukari inapoyeyuka, mafuta hubaki majini katika matone madogo mno. Hayajayeyuka, ila yamesambaa kiasi cha kutosha pua kuyapata.

3. Mimina vijiko viwili vya maji ya moto juu ya sukari hiyo, koroga mpaka iwe shira, kisha iache ipoe. Sukari huyeyuka hata katika maji baridi, lakini polepole, kwa kuwa molekuli za maji baridi huenda taratibu. Asiyetengeneza shira hukuta sukari imelala chini ya bilauri.

4. Kamua ndimu wakati huo huo wa kunywa. Maji yaliyokamuliwa na kuwekwa hupoteza vitamini, na pia hugeuka machungu, kwa sababu asidi yake hubadilisha kemikali fulani ya tunda kuwa kitu kichungu.

5. Changanya shira, maji ya ndimu na maji yaliyopoa. Onja. Kinywaji kiwe kikali na kitamu kupita kiasi unachokipenda, kwa sababu itakayoelezwa katika hesabu ya barafu. Mwisho tia barafu ukoroge.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Baadhi ya watu huota malengelenge au mabaka meusi mikononi baada ya kukamua ndimu, wakadhani kwamba wameunguzwa na ukali wake. Sivyo. Ganda la ndimu lina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo huidhuru ngozi zinapopigwa na mionzi ya jua isiyoonekana. Siki haifanyi hivyo. Hapa tena ukali umesingiziwa.

HESABU YA BARAFU

Tuchukulie kwamba mchanganyiko wetu, kabla ya barafu, una uzito wa gramu 200 na joto la nyuzi 30 za sentigredi, nasi tunataka ushuke hadi nyuzi 5. Kila gramu ya maji hutoa jouli 4.2 inaposhuka kwa nyuzi moja. Joto la kuondolewa ni:

200 × 4.2 × 25 = jouli 21,000

Gramu moja ya barafu huhitaji jouli 334 ili iyeyuke tu, bila ya joto lake kubadilika, na jouli nyingine 21 ili maji yake yapande kutoka nyuzi 0 hadi 5. Jumla ni jouli 355. Basi barafu inayohitajika ni:

21,000 ÷ 355 = gramu 59 hivi

Bilauri iliyokuwa na gramu 200 sasa ina karibu gramu 260, na ukali na utamu vyote vimeshuka hadi kiasi cha robo tatu ya vilivyokuwa. Ndiyo maana kinywaji huandaliwa kikiwa kikali kupita kiasi. Watengenezaji wa vinywaji katika mabaa, wanaokoroga jini kwa barafu, hufuata kanuni hii hii hata kama hawajapata kuifanyia hesabu.

Lakini barafu ni maji. Kuganda hakuwaui vijidudu walio wengi. Huwalaza tu, nao huamka barafu iyeyukapo. Barafu ya kunywa igandishwe kwa maji yaliyochemshwa, na ile ya kuhifadhia samaki isitiwe kinywani kamwe. Asiye na jokofu anaweza kuweka maji yake yaliyochemshwa katika mtungi wa udongo uliofunikwa. Maji hupenya polepole katika vitundu vya udongo na kugeuka mvuke nje, na kila gramu inayogeuka mvuke huondoka na jouli 2,400 hivi za joto. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya kazi inayofanywa na gramu moja ya barafu. Maji ya mtungini yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mkono usiguse maji.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi tofauti ya ukali na vitamini kwa vifaa vya bei ndogo. Chemsha chembe kidogo ya unga wa muhogo katika bilauri ya maji, kisha uache upoe. Nunua iodini katika duka la dawa, uizimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai isiyo na maziwa. Katika kila chupa ya majaribio tia mililita 5 za maji ya unga na mililita 5 za kitu kinachopimwa. Kisha dondosha iodini tone moja moja ukihesabu na kutikisa, mpaka rangi ya buluu itokee na isipotee.

Iodini hugeuza wanga kuwa wa buluu, lakini vitamini C huiwahi na kuipokonya nguvu hiyo. Kwa hiyo kadiri matone yanavyokuwa mengi, ndivyo vitamini ilivyo nyingi. Pimeni vitu hivi: siki, maji ya ndimu yaliyokamuliwa sasa hivi, maji ya ndimu yaliyochemshwa kwa nusu saa, maji ya ndimu yaliyokaa wazi kwa siku tatu, maji ya chungwa, na maji ya pera lililopondwa na kuchujwa kwa kitambaa. Kila kimoja kijaribiwe pia kwa karatasi ya litimasi. Vitu hivyo visinywewe baada ya kutiwa iodini.

Wanafunzi wataona kwamba siki huibadilisha litimasi kuwa nyekundu kama ndimu, lakini haiwezi kuizuia hata tone moja la iodini. Hapo watakuwa wamekutana wenyewe na jambo lililoonekana katika manuwari ya Salisbury mwaka 1747. Wataona pia kwamba pera, tunda lisilo kali, huishinda ndimu kwa mbali. Gramu 100 za mapera huwa na vitamini C zaidi ya miligramu 200, hali bilauri yetu ya ndimu ina kiasi cha miligramu 9 tu. Mtu mzima huhitaji miligramu 45 hivi kwa siku. Anayetaka vitamini ale pera, papai au chungwa, na maji ya ndimu ayanywe kwa ajili ya kiu na ladha yake.

Ndimu basi haijavuliwa heshima yake. Imebaki kuwa kiungo bora cha kinywaji, na msaidizi wa kweli dhidi ya kipindupindu inapotiwa kwa wingi katika chakula. Lakini usalama wa maji hutoka jikoni, katika sufuria inayotokota, na wala hautokani na ndimu. Mwanafunzi atakayeyaeleza haya nyumbani kwao, na kuwaonyesha wenziwe ukoko ulio ndani ya birika kuwa ni ushahidi, atakuwa ameifanyia jamaa yake kazi kubwa kabla hata ya msimu wa mvua za masika kuingia.